Ndoo Ileile

Jumanne

Ndoo ya maziwa imejaa tena asubuhi hii. Mpaka sasa sielewi.

Tulikuwa na ng'ombe watatu, tukauza wawili kiangazi kilipomaliza majani. Nilijua watoto watakunywa chai ya rangi. Sasa huyu Zawadi aliyebaki anaijaza peke yake ndoo ileile waliyokuwa wanaijaza wote watatu. Bwana mifugo alipopita alicheka tu: "Mama Neema, sasa anashiba."

Kwa hiyo miaka yote ile nilipanda mlima na mzigo wa majani kichwani, na bado wote walilala njaa? Au bwana mifugo naye anabahatisha?

Jioni akaja mama mkwe. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akilitazama banda. "Ng'ombe mmoja, mwanangu? Watu watatuonaje?"

Baba Neema akachukua nyundo atengeneze banda. Kesho anashuka Hedaru kutafuta ng'ombe wa pili.

Nilitaka kumkatalia. Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikajikuta nimemshikia ubao apigilie misumari, na Zawadi anatuangalia huku anatafuna.