Ukurasa wa Leo

Mume wangu mdogo Deo,

Shikamoo yako imefika huku Mazwi, nami naiitikia marahaba. Ulezi haukuzaa, na mama yako bado anakohoa.

Umeniuliza kwa nini kitabu cha kaka yangu Kristofa nakificha sandukuni. Kristofa alirudi kutoka vita ya Uganda akiwa kimya. Zilipokuja zama za ruksa, watu wakiweza kusema wazi, akajichapia kitabu na kuandika yote: walivyopora yeye na askari wenzake, na jinsi Leo, mtoto wa jirani, alivyokufa kwa kuhara huku akimlilia mama yake. Sisi kwenye misa ya kumwombea tuliambiwa aliuawa kwa risasi.

Hakuna aliyemtukana. Ila kilabuni tunanywea pombe kwa kata moja ya kibuyu inayozunguka, na zamu yake ilipofika wakamletea glasi yake mwenyewe, safi, kama mgeni. Hakurudi tena.

Kisha mama Leo, asiyejua kusoma, akaja nimsomee habari za mwanawe. Nikasoma kwamba alipigwa risasi, hakuteseka.

Akanishika mkono. "Asante, mwanangu. Sasa nisomee alivyoandika kaka yako."

Nikafunga kitabu. Nikamwambia giza limeingia, sioni herufi. Na jua lilikuwa utosini.

Bibi yako,
Skolastika