Jina limemfuata

Bi Hidaya, umewahi kusikia mtu anamweleza daktari kwamba mtoto anaumwa jina?

Mwanangu Abasi kafanya hivyo leo, hospitali mjini! Tumempeleka mjukuu wangu Mwanvita, miaka kumi na moja, maana anasahausahau mpaka mwalimu anataka kumrudisha darasa kwa mara ya pili.

Daktari kauliza, "Kusahau huku kulianza lini?"

Abasi ndiye mjomba mtu, na kwetu mjomba ndiye msemaji. Kakohoa kwanza. "Dokta, huyu karithi jina la marehemu bibi. Naye alikuwa hivi hivi. Jina limemfuata."

Jina limemfuata! Marehemu mwenyewe ni mama yangu mzazi! Shoga, nilitamani kuingia chini ya meza.

Daktari kamtazama weee. "Na marehemu naye alipimwa?"

Nikacheka moyoni.

Ila namcheka nani? Mwaka juzi nilimtuma Mwanvita chumvi sokoni Mkuyuni, akarudi na kamba ya mbuzi wa watu. Nilicheka mpaka machozi. Nami nikasema, "Jina hilo!" Yule mtoto wa jirani anayeruka madawati alipelekwa hospitali ana miaka sita. Wetu anakaa kimya anatazama dirishani, tukamsifu mpole.

Daktari kasema ni tatizo la umakini, angeletwa mapema angesaidiwa mapema.

Abasi kafungua mdomo tena, "Lakini dokta, hilo jina..."

Mwanvita kamkatiza, sauti yake ndogo ile ile:

"Samahani mjomba. Mimi simfuati marehemu. Nasahau mwenyewe, na nataka nisaidiwe."