Mafuta Kichwani mwa Baba

Munje, Jumanne usiku

Koo bado linauma ninapomeza. Alama za vidole vya Baba shingoni mwangu zimeiva zambarau, na leo hospitali nilizifunika kwa mtandio.

Jana nilimwosha kichwa kama tulivyoagizwa, ili nyaya za kupima umeme wa ubongo zishike. Leo asubuhi Shangazi akampaka mafuta ya nazi yaliyosomewa dua. Nyaya zikateleza zote.

"Nani kampaka?" akauliza mpimaji.

"Mimi," Shangazi akajibu. "Huyu ana shetani, mwanangu. Hizo nyaya zako zitamfanya nini?"

Nikamsugua kwa sabuni palepale. Baba akanipiga kiwiko mdomoni, akaniita mwizi, akamng'ata mpimaji mkono hadi damu ikatoka. Wauguzi wakamlalia mabegani. Mtu amekonda vile, tumbo limejaa maji, nguvu anazitoa wapi?

Alipochoka, mashine ikachora mawimbi ya ubongo wake. Niliogopa kuliko usiku ule aliponikaba. Mawimbi yakitoka sawa, basi aliyenikaba ni Baba mwenyewe, na akili zake timamu.

Daktari akatuita. "Mawimbi yanakwenda polepole mno. Ini limeshindwa kusafisha damu, sumu imefika ubongoni. Tutampa dawa ya kumharisha, itoke. Huenda akatulia, ila ini lenyewe haliponi tena."

Shangazi akaangua kilio.

Mimi nikasema alhamdulillahi, kwa sauti, mdomo ukivuja damu. Shangazi hajanisemesha tangu hapo. Na asinisemeshe. Mkono ulionikaba si wa Baba. Baba yangu anakufa kwa ini, na haukuwa mkono wake.