Jina la Babu Mbele ya Hakimu

Hirbadaw, Hanang
Januari 1987

Kaka yangu mpendwa Basili,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kanada, wewe na wifi Tekla na watoto, na kwamba baridi haijawamaliza. Sisi huku tunapumua. Mvua si mbaya, na ng'ombe waliobaki wana maziwa kidogo, ila malisho tunayapata kwa kuvizia, maana shamba la ngano limefunga njia ya kwenda kisimani. Mama yupo. Habari zake nitazifikia.

Hati yako ya kumpa mama mamlaka ya kusimama badala yako kwenye kesi ilifika salama. Jamani, tuliishangaa! Muhuri wa wakili wa huko, chini yake muhuri wa ubalozi wetu, na utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Nilimtania mama kwamba trekta zikiiona tu zitarudi zenyewe. Akacheka, na hakuwa amecheka tangu watu wa shamba la ngano walipoanza kulima kuelekea kaburi la babu.

Kilichobaki kilikuwa kiapo chake yeye, kwamba ni mama yako na ni mke wa mwana wa babu, ili hakimu azuie trekta zisifike kaburini. Tukapanda lori la magunia hadi Arusha. Wakili, Bwana Sebastiani, mtu mpole tu, alimwingiza mama ofisini peke yake, mimi nikaachwa kwenye benchi nje. Akamuuliza jina la baba mkwe. Sasa wewe unajua mambo ya kwetu. Mama alikuwa hajawahi kulitamka jina la babu tangu aolewe; ni mwiko kwa kila mke wa ukoo kumtaja baba mkwe. Akataja lile la pembeni ambalo wake wa ukoo hulitumia badala yake. Kwake yeye hakudanganya hata kidogo. Wakili akalipiga chapa, akagonga muhuri, kazi ikaisha.

Mahakamani ndipo tulipokwisha. Karatasi yako inasema babu ni Gidabayda, ya mama inasema mtu mwingine kabisa. Wakili wa upande wa shamba akasema mama huyu si wa ukoo huu. Nikasimama nikalitaja jina, mimi binti wa nyumbani sizuiwi na kitu. Hakimu akaniamuru niketi, kwani si mimi niliyeapa. Nikajaribu kumweleza mila yetu, akasema yeye anataka jina. Akamgeukia mama, akamuuliza tena. Mama akainama. Kaka, nilitamani ardhi inimeze.

Halafu akalitamka. Mbele ya karani, askari na wanaume asiowajua, mama yetu alilitaja jina la babu.

Hakimu akaandika, kisha akasema haitoshi. Kiapo kirudiwe, na wewe utume kingine chenye mihuri yote ya huko, kuthibitisha kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Mpaka kifike, hawezi kuzuia chochote.

Usihangaike kukituma, kaka. Hilo ndilo nimekuwa nikilizungukia tangu mwanzo wa barua. Tuliporudi tulikuta trekta zimeshapita. Kile kilima cha kaburi, ambacho marehemu baba na ndugu zake walikijenga kwa miezi, kimesawazishwa na shamba. Nilizunguka pale nikilia, sikujua hata nisimame wapi. Ngano imeshapandwa.

Mama hali chakula, anaonja tu. Nilimwambia kwamba alilazimishwa, na kwamba babu angeelewa. Jana akanijibu, na nayaandika maneno yake kama alivyoyasema: "Fabiola, nimemtaja baba mkwe mbele ya wageni. Ningekwenda kaburini kwake na pombe ya asali, nikamwomba radhi. Sasa niende wapi?"

Kama wewe una la kumjibu, mwandikie.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakusalimu.

Ni mimi mdogo wako,
Fabiola