Ulivyomzika Papa Idi kwa Fotokopi

Kalemie, Jumatatu asubuhi

Kwako mdogo wangu Amisi,

Salamu kwako na kwa wote hapo Moba. Mama hajambo? Mgongo unamwacha alale? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Milio ya bunduki upande wa barabara imenyamaza, ila magari bado hayapiti, na cherehani yangu imelala, maana wakati wa vita nani anashona nguo mpya? Basi, salamu zimetosha. Nina hasira nawe na sitaificha.

Kitabu chako kimenifikia. Mama mmoja muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliyetoka huko alinipa akitabasamu, akidhani nitafurahi: kurasa za fotokopi zilizoshonwa kwa uzi, jina langu juu kwa herufi kubwa. Chini yake umeandika kwamba hadithi ya simu ni upepo, kitabu ndicho kitu. Nani alikutuma?

Unajua hadithi zile si zangu. Faida, mwanamke anayewazidi askari akili, ni wa Papa Idi, anamsimulia redioni tangu tukiwa wadogo. Mimi namwendeleza tu kwenye kundi letu la simu, kwa ruhusa yake. Aliitoa mbele yako, ukiwa umekalia kiti changu: nicheze na Faida nipendavyo, ila nisimpeleke sokoni. Alikubali kwa sababu sisi na watu wa kwao ni watani. Ndiyo maana katika sura ya saba nilimuua Papa Idi mwenyewe kwa kwikwi, Faida akamzika hapa Kalemie na kumlilia kwa matusi, kama mtani anavyofanya matangani. Papa Idi alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake, sura ya nane, akafufuka kudai sanda ni fupi.

Wewe ulipanda boti siku ile ya sura ya saba. Huko mnara wa simu umechomwa, kwa hiyo ya nane hukuipata. Ungeweza kungoja. Badala yake ulichapa ulichokuwa nacho, ukauza, kitabu kikaishia kaburini. Hukuandika popote kwamba ni utani. Kundini nawajua wasomaji wangu kwa majina, na nikikosea nafuta kabla chai haijapoa. Kitabu chako kinatembea peke yake, na anayekiokota hana wa kumuuliza.

Kimetembea mpaka kile kijiji cha wavuvi, jirani na hapo Moba, alikokimbilia Mama Asha, mke wa Papa Idi, vita vilipowatenganisha. Yeye hajui kusoma. Jirani alimsomea sura ya saba, na jina la mumewe, na mahali alipozikwa. Sasa amekaa eda, Amisi. Amevaa nguo za ujane, hali chakula, na mumewe yupo hapa anakula ugali.

Papa Idi aliposikia hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliketi karibu na cherehani, akaniambia, "Mutoto wangu, kwa simu ulinizika, kesho ukanifufua. Kwa karatasi ya Amisi, nani atanifufua? Bibi yangu analia, na miye niko muzima. Ile njo utani gani?"

Tuliandika barua haraka, mama yule wa ndagala akaipeleka. Jana alirudi nayo. Mama Asha alikataa kusomewa mpaka mwisho. Alimwambia, "Karatasi ya kwanza ilisema amekufa. Hii inasema iko muzima. Miye niamini gani? Muniache na kilio yangu."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi pia nina lawama, kwa kukuachia simu yangu unakili hadithi bila kukuuliza za nini. Lakini tamaa ya kitabu ilikuwa yako.

Nisalimie mama, shangazi anayemuuguza, na mkeo, ambaye najua alikukataza.

Papa Idi alisema karatasi zimekwisha, atakwenda na uso wake. Watu wenye bunduki wanasimamisha boti ziwani, nilimsihi, hakunisikia. Kwa hiyo umeshamwona aliyekukabidhi barua hii, na najua umeinamia maandishi haya ili usimtazame. Inua macho. Mpe maji ya kunywa, kisha mpeleke kwa mkewe, nawe utangulie mlangoni useme ulichofanya.

Dada yako,
Zaina