Ua la Maduara Saba

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla mjomba hajawasha grenda, ile mashine ya kukatia chuma.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, kazi yangu ni kuchomelea mageti katika karakana ya mjomba, kaka yake mama, na kwa miaka sita nimechomelea nondo za wima na za kulala mpaka nikawa naziota, hadi siku nilipotumwa kurekebisha bawaba za mlango wa nyumba ya ibada ambayo si ya dini yetu, nikainama kuokota skrubu nikaona sakafuni duara moja limezungukwa na maduara sita yanayolingana nalo, yote yanagusana, hakuna pengo, na nakuambia ukweli nilisahau skrubu, nilisahau bawaba, machozi yakanitoka na sijui yalitokea wapi.

Tangu hapo nimekuwa naingia kila nyumba ya ibada ninayoikuta wazi, iwe yetu au ya wengine, nakaa nyuma kabisa, watu wakitoka natoa uzi na chaki mfukoni, napiga magoti napima nyota za madirishani na maua ya sakafuni, ingawa uzi unanitoroka kwa sababu sina wa kunishikia katikati na huwezi kupigilia msumari kwenye vigae vya watu. Mama akiniuliza nilikokuwa namjibu nilikwenda kwenye ibada, naye maskini amefurahi mno, ametangazia ukoo mzima kwamba yule binti yake mwenye kichwa kigumu siku hizi anashinda akisali, na mimi namwacha aamini hivyo.

Sasa kamati ya nyumba yetu ya ibada, hapo hapo anaposali mama, ikaagiza geti jipya, mjomba akaniachia kazi, nami nikatengeneza lile ua la maduara saba. Mara ya kwanza nilikosea kizembe, duara la katikati nilipima kwa nje, yale mengine nikapima kwa ndani, la mwisho likagoma kuingia, nikapiga nyundo wee mpaka mikono ikafa ganzi, nikavunja yote nikaanza upya. Mara ya pili liliingia kwa vidole viwili tu! Karakana nzima ilipiga kelele. Mwenyekiti wa kamati akaja, akalipapasa, akasema, “Hiki ndicho ninachokisema kila siku, ufundi wenye imani yetu ndani yake.”

Juzi mtunza funguo wa ile nyumba nyingine ya ibada, nilikorekebisha bawaba, akaleta kiti kichomelewe, akaliona geti. “He! Si ua la sakafu yetu hili? Ndiyo maana binti yenu alikuwa anatambaa mle na uzi!” Mjomba akabadilika rangi. Amesema nikate maduara yote niweke nondo, la sivyo nitafute karakana nyingine. Geti linatakiwa Ijumaa. Nikilikata, najijua, sitashika tena chuma kwa moyo ule. Nikisema ukweli, mama ataumbuka mbele ya watu wake. Mshauri, je, nimemwibia Mungu?

Fundi wa Maduara

Fundi, futa machozi, kisha kaa nikugombeze.

Kwanza tafuta vizibo vinane vya soda. Kimoja weka katikati, vingine vizungushie. Sita vitabanana barabara, na cha nane hakitapata pa kukaa hata ukikibembeleza. Haya niambie, vizibo hivyo vilisali wapi? Fundi aliyetandaza vigae vile aliliona jambo hili akashangaa, akaliweka mahali ambapo watu wanakuja kushukuru. Wewe umelikuta ukashangaa vilevile mpaka ukalia. Hujamwibia Mungu. Usinitajie tena wizi.

Lakini mama yako umemdanganya, na hapo sikutetei hata kidogo. Mtu mzima unamwacha mzazi wako ajisifie sala ambazo hukuzisali! Halafu unatambaa kwenye sakafu za watu bila hodi, kana kwamba ulimi huna. Ungemwomba yule mtunza funguo angekuwashia na taa.

Sasa sikiliza. Mwambie mama leo, kabla hajaambiwa na jirani. Usimpe hotuba. Mwambie ulichokiona, mwambie ulilia, kisha mpe ncha ya uzi akushikie katikati, maana umeshaniambia mwenyewe kwamba unachokosa ni mtu wa kushika. Atanuna. Mwache anune. Ukitoka kwake nenda kwa mwenyekiti na vizibo vyako, mweleze ua umelitoa wapi, halafu mpe na kile cha nane ahangaike nacho. Kwa yule mtunza funguo nenda kasalimie na ushukuru. Mjomba wako mwambie kwa heshima kwamba neno la kukata ni la mteja, na mteja bado hajalisema. Kamati ikilikataa, watengenezee la nondo, lakini hilo la maduara lisiguswe na grenda. Litapata ukuta wake.

Ijumaa haingojei gazeti, kwa hiyo jibu hili nilimsomea Fundi kwa simu. Wiki iliyofuata akaniletea ujumbe huu, nami nauchapa kama ulivyo kwa sababu nimeusoma nikapiga vigelegele peke yangu ofisini:

“Mshauri, limesimama! Mwenyekiti alihangaika na kizibo cha nane mpaka chai yake ikapoa, mwisho akacheka, akasema geti lifungwe kama lilivyo na yule mtunza funguo aalikwe. Alikuja, akasimama akilitazama, akasema la kwetu limenyooka kuliko la kwao. Mjomba sasa anawaambia wateja kwamba ua lile ni la karakana yake tangu zamani. Mama alinuna siku nne, hata salamu alikuwa ananirushia kwa mbali. Jana asubuhi aliingia karakana, akachukua uzi wangu mezani, akapiga goti sakafuni na gauni lake la kutokea, akabana ncha kwa kidole gumba, akaniambia, ‘Haya, zunguka. Mimi sitikisiki.’”