Wageni wa Daftari Langu

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Huku Mtoni tu wazima, ila goti la babu yako bado linagoma. Unauliza kama kuna faida kuandika kila hadithi ya majini na sayari unayoisoma. Mie nilikuwaga na daftari la namna hiyo enzi za Ujamaa, nilipohitimu kisomo cha watu wazima. Niliandika jina la hadithi na siku nilizotumia kuisoma: “Malkia wa Mwezini, siku nne. Jini wa Chumvi, siku sita.”

Balozi wetu wa nyumba kumi, ambaye kila mgeni wa kulala lazima aandikishwe kwake, akalikuta mezani.

“Mama, wageni ishirini na watatu, hata mmoja hukunionyesha?”

“Balozi, huyo malkia anakaa mwezini!”

“Na barua ya balozi wa huko anayo?”

Akaondoka nalo. Nililifuata mara saba, jibu likawa moja: “Limepelekwa juu.” Sikuandika tena.

Wewe andika, na uweke nakala. Kuna hadithi ya mwanamke aliyeachwa peke yake kwenye sayari. Kitabu kilikuwa cha kuazima, nikakirudisha kabla sijakimaliza. Mpaka leo sijui kama walimrudia, na jina la kitabu liliondoka na daftari.

Bibi yako